Kumpima Abiria na Kumtoza Abiria

Mwaka juzi nilikuwa kwenye foleni ya ndege ndogo ya kutoka Unguja kwenda Pemba, zile za injini moja ambazo abiria wake hawazidi kumi na wawili. Mbele yangu alisimama mama wa makamo, amevaa buibui, mkononi kashika begi dogo na kifurushi cha halua. Kijana wa kaunta akamwomba apande kwenye mizani pamoja na mizigo yake. Akapanda. Kijana akaisoma namba kwa sauti ili mwenzake aliyekaa mwisho wa meza aiandike: "Mia na ishirini na moja!" Nyuma yangu mwanamume mmoja akasema, "Huyo alipe nauli ya watu wawili." Watu wakacheka. Mama akashuka, akauweka sawa mtandio ambao haukuwa umelegea, akaenda kukaa kwenye kiti cha mwisho kabisa ukutani. Sikusema neno, na hilo linaniuma mpaka leo.

Tangu siku ile nimekuwa nikiitafakari kauli ya yule bwana, kwa sababu haikuwa yake peke yake. Waliocheka walikuwa wanakubaliana naye. Nimeisikia kwenye bodaboda, kwenye daladala, na hata kwa watu wasomi wanaoamini kabisa kwamba wanazungumzia haki: mzito anatumia zaidi, basi alipe zaidi. Inasikika kama hesabu nyepesi. Lakini ndani yake mambo matatu yamefungwa kitita kimoja: kumpima mtu, kumwaibisha, na kumtoza. La kwanza ni la lazima. La pili ni dhuluma. La tatu linahitaji hesabu, na hesabu hiyo wengi wetu hatujawahi kuipiga.

Nianze na la kwanza, maana sitaki mtu aondoke hapa akidhani napinga mizani. Tarehe 8 Januari 2003, ndege ndogo aina ya Beechcraft 1900D iliruka kutoka Charlotte, jimbo la North Carolina, Marekani, ikiwa na abiria 19 na marubani 2. Haikufika popote. Ilinyanyua pua kupita kiasi, ikapoteza nguvu ya kuelea, ikaangukia jengo la kutengenezea ndege palepale uwanjani. Wote 21 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mafundi walikuwa wamekosea kurekebisha waya unaoongoza mkia. Ulionyesha pia kwamba ndege ilikuwa nzito kuliko karatasi zilivyosema, na uzito wenyewe ulilalia nyuma. Marubani hawakudanganya. Walitumia wastani wa uzito wa abiria uliokubaliwa na mamlaka, wastani uliowekwa wakati watu walikuwa wembamba zaidi. Baada ya ajali ile mamlaka ya anga ya Marekani iliuongeza wastani huo kwa paundi 10, yaani kama kilo 4 na nusu kwa kila mtu.

Kwa hiyo rubani wa ndege ya Pemba akitaka kujua nina kilo ngapi, ana haki ya kujua. Anataka kujua nani akae mbele, nani akae nyuma, na begi lipi libaki. Wanaopanda ndege ndogo pale Wilson, Nairobi, kwenda mbugani wanalijua hili: mizigo kilo 15, na begi liwe laini ili liweze kubanwa. Hakuna anayenung'unika, kwa sababu kila mtu anaelewa kinacholindwa.

Sasa tuje kwenye nauli. Ndege kama ile ya Pemba, aina ya Cessna Caravan, inaruka na uzito wa jumla usiofika tani 4. Ukitoa uzito wa ndege yenyewe tupu, ukamtoa rubani, ukatoa mafuta, kinachobaki kwa ajili ya watu na mizigo ni tani moja na ushei. Hapo tofauti ya kilo 50 kati ya abiria mmoja na mwingine ina maana. Watu wanne au watano wakiwa wazito sana, huenda kiti kimoja kikabaki wazi, na kiti kilichobaki wazi ni nauli iliyopotea. Mwenye ndege akisema uzito una gharama, hapo anasema kweli.

Chukua sasa ndege kubwa. Boeing 787-8 ya Air Tanzania ina viti 262, na uzito wake wa juu kabisa wakati wa kuruka ni kama tani 227. Jaza viti vyote, kila mtu umhesabie kilo 75: abiria wote kwa pamoja hawafiki tani 20. Zaidi ya tani 200 zinazobaki ni chuma, injini, viti, mafuta, mizigo na chakula. Abiria wa kilo 110 akikaa badala ya wa kilo 60, zile kilo 50 za ziada ni kama sehemu mbili katika elfu kumi za uzito wa ndege. Tena mafuta yenyewe, kwa mashirika mengi ya ndege, ni kati ya robo na theluthi ya gharama zote. Mkopo wa ndege, mishahara, ada za viwanja, bima na matengenezo havimuulizi abiria ana kilo ngapi. Ukimtoza mtu yule kwa gharama halisi anayoiongeza, utamwongezea kiasi kidogo mno ukilinganisha na nauli yenyewe. "Nauli ya watu wawili" haitoki kwenye hesabu hiyo hata ukiigeuza vipi.

Kinachobana kwenye ndege kubwa ni upana wa kiti, ambao kwa daraja la kawaida huwa ni kama inchi 17 au 18. Huo ni uamuzi wa aliyenunua viti na kuamua vikae vingapi kwenye safu moja. Anayekaa katikati akabanwa mabega ana malalamiko ya kweli, nami nimebanwa mara nyingi. Ila malalamiko yale tunayapeleka kwa jirani wakati yalipaswa kwenda kwa aliyevipanga viti.

Kuna shirika moja tu ninalolijua lililokwenda mpaka mwisho na wazo la kutoza kwa kilo: Samoa Air, la visiwa vya Samoa katika bahari ya Pasifiki, ambalo mwaka 2013 lilivuma dunia nzima. Abiria alitaja uzito wake wakati wa kukata tiketi, akapimwa tena uwanjani pamoja na mizigo yake, akalipa kwa kila kilo. Ndege zake zilikuwa ndogo, kama Islander ya viti tisa kumi hivi, kwa hiyo hoja ya gharama ilikuwa na miguu. Watoto walilipa kidogo, na familia zenye watoto wengi zilifaidika. Baadaye shirika liliweka na safu ya viti vipana kwa ajili ya watu wakubwa. Hapo naona uungwana fulani: anayelipa zaidi anapewa zaidi. Mwaka huohuo mtafiti mmoja wa Norway, Bharat Bhatta, aliandika makala ya kitaalamu akipendekeza njia tatu za kutoza nauli kwa uzito, na mjadala ukapamba moto kila kona. Wengi waliounga mkono hawakuwa wakiongelea Islander. Walikuwa wakiongelea ndege kubwa, ambako hesabu haisimami.

Basi kama hesabu haisimami, nini kinachosimama? Nafikiri ni lawama.

Mwaka 1986 watafiti watatu, Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, waliwauliza watu wa Kanada swali rahisi. Duka linauza sepetu za kuondolea theluji kwa dola 15. Theluji nyingi inaanguka usiku, asubuhi duka linapandisha bei hadi dola 20. Ni haki? Asilimia 82 walisema si haki. Lakini walipoulizwa kuhusu muuzaji aliyepandisha bei kwa sababu yeye mwenyewe alinunua mali kwa bei kubwa zaidi, wengi walikubali. Sisi tunaijua hisia hiyo bila utafiti. Desemba ikifika na nauli ya basi la kwenda Moshi ikapanda kinyemela, tunakasirika, kwa sababu tunajua basi ni lilelile na barabara ni ileile. Dizeli ikipanda, nauli ikafuata, tunanung'unika lakini tunalipa. Kipimo chetu cha haki katika bei ni hiki: gharama yako imepanda, au umeniona nina shida ukanibana?

Kwa kipimo hicho, kumtoza mtu mnene nauli mbili kwenye ndege kubwa kulipaswa kutuudhi kama sepetu ile ya theluji. Mbona hakutuudhi? Kwa sababu tumeshaamini kwamba unene ni kosa lake. Mtu tunayemwona amekosa tunamtolea hesabu nyingine. Tunaacha kuuliza "gharama ni ngapi?" tunauliza "kwa nini amejiachia?" Bei inageuka faini.

Jaribu mwenyewe kwa mfano huu. Mwanajeshi mrefu, mwenye misuli, kilo 110. Mama muuza duka, mfupi, kilo 110. Kwa injini ya ndege hao ni mtu mmoja. Nani kati yao umewahi kusikia akiambiwa alipie viti viwili? Tena, kwa wastani wanaume ni wazito kuliko wanawake. Tungekuwa kweli tunatoza kilo, wanaume tungelipa nauli kubwa kuliko wake zetu kila safari. Sijamsikia mwanamume hata mmoja, pamoja na yule aliyesimama nyuma yangu, akilipendekeza hilo.

Mwanasaikolojia wa Marekani Christian Crandall alianza miaka ya 1990 kuchunguza chuki dhidi ya watu wanene, akaona inatembea pamoja na imani kwamba kila mtu hupata anachostahili. Yeye na mwenzake walipolinganisha wanafunzi wa Marekani na wa Mexico, mwaka 1996, waliona kwamba wale wa Mexico hawakuwachukia sana watu wanene, na kwamba kwao lawama haikuwa ndiyo mzizi wa jambo. Maana yake, lawama hii watu hujifunza. Inaweza kuingia kwenye jamii ambayo haikuwa nayo.

Na kwetu inaingia, naiona. Nimekulia kwenye mtaa ambako ukirudi kutoka masomoni umenenepa, majirani walisema "umependeza", na kitambi kilikuwa ushahidi kwamba nyumbani kunapikwa. Miaka ya tisini, Ukimwi ulipokuwa ukitumaliza, wembamba ndio uliotiliwa shaka, na watu walijificha kwa sababu tu wamepungua. Leo hospitali zinatuonya kuhusu sukari na presha, na zinatuonya kwa haki: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Lakini ushauri wa daktari ukifika mtaani unageuka kitu kingine. Anayeambiwa na daktari "punguza chumvi" anaambiwa na konda "kaa vizuri, unamaliza siti". Tumechukua elimu ya afya tukaongezea hukumu.

Na hukumu yenyewe imejengwa juu ya kujua nusu. Mwaka 1986 Albert Stunkard na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu wazima 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wasio wao wa damu. Unene au wembamba wao ulifanana na wa wazazi waliowazaa. Haukuwa na uhusiano na wa wazazi waliowalisha. Soma tena hapo: chakula cha nyumba moja, meza moja, miaka yote ya utoto, lakini mwili ukafuata damu. Na kule Samoa kwenyewe, mwaka 2016 wanasayansi waliochunguza zaidi ya watu 3,000 waligundua badiliko katika jeni iitwayo CREBRF linaloongeza uzito wa mwili. Karibu nusu ya waliopimwa walikuwa na angalau nakala moja. La kushangaza, walio nalo walionekana kuwa na hatari ndogo zaidi ya kisukari. Hao ndio watu waliokuwa wakilipa kwa kilo.

Sisemi kwamba mtu hana uwezo wowote juu ya mwili wake. Chipsi za kila siku na kazi ya kukaa zina matokeo, na mimi mwenyewe nimeshauriwa nitembee zaidi. Ninachosema ni kwamba sehemu kubwa ya unachokiona kwa macho mtu hakuichagua, na huwezi kuikadiria kwa kumtazama yuko kwenye foleni.

Nguo zinanionyesha jambo hili vizuri kuliko ndege, maana pale gharama unaishika mkononi. Nilimsindikiza shangazi yangu kwa fundi, Magomeni. Amebeba kitenge chake mwenyewe, yadi zote sita. Fundi akampima kwa tepu, akaandika, akasema elfu thelathini. Binti aliyetangulia, kwa mshono uleule, alilipa elfu ishirini na tano. Shangazi akauliza kwa upole, "Baba, kitambaa ni changu. Hiyo elfu tano ni ya nini?" Fundi akasema mwili mkubwa una kazi kubwa. Akamwonyesha: mshono wa pembeni ni mrefu, kiuno kinahitaji mikunjo zaidi, na asipokuwa mwangalifu maua ya kitenge hayakutani mgongoni. Nilisikiliza, na nikaona kuna ukweli. Kuna nusu saa ya kazi pale. Shangazi naye aliuona, akakubali. Kisha akauliza, "Na kanzu ya mume wangu, naye si mdogo, huwa unamwongezea?" Fundi akafikiri kidogo, akasema kanzu huwa ni bei moja.

Wakati ule sikujua kwamba mabishano hayahaya yamewahi kufanyika kwenye maduka makubwa ya ng'ambo. Mwaka 2009 wanawake wa Uingereza waliungana kuipinga Marks & Spencer kwa kuongeza pauni 2 kwenye sidiria za saizi kubwa. Kampuni ikaomba radhi na kuiondoa ile nyongeza. Mwaka 2014 wateja wa Old Navy, Marekani, waligundua kwamba nguo kubwa za wanawake zilikuwa na bei ya juu kuliko ndogo, wakati kwa wanaume bei ilikuwa moja kwa saizi zote. Kitambaa cha suruali ya mwanamume mnene nacho hakidondoki mbinguni. Baadaye, mwaka 2021, kampuni hiyo ilitangaza bei moja kwa saizi zote za wanawake.

Fundi wetu wa Magomeni hana ukatili wowote. Ni mtu mwema, na shangazi bado anashona kwake. Lakini bei yake ilikuwa imebeba kitu ambacho yeye mwenyewe hakuwahi kukitazama: mwili wa mwanamke unadaiwa maelezo, wa mwanamume haudaiwi. Alipoulizwa, alikiona. Ndiyo maana naamini mazungumzo haya yana faida.

Kuna nchi zilizoamua kulitazama suala hili kwa sheria. Januari 2008, chombo kinachosimamia usafiri Kanada kiliamuru mashirika makubwa ya ndege, yakiwamo Air Canada na WestJet, yasimtoze nauli ya pili kwa safari za ndani mtu ambaye unene umemfanya kuwa na ulemavu, wala mlemavu anayelazimika kusafiri na msaidizi. Mtu mmoja, nauli moja. Mashirika yalikata rufaa, na Mahakama ya Juu ikakataa kuwasikiliza mwaka huohuo. Marekani imekwenda kwa utashi wa kampuni. Kampuni ya ndege ya Southwest kwa miaka mingi iliwarudishia abiria wanene fedha ya kiti cha pili, lakini Agosti 2025 ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 atakayehitaji kiti cha pili akinunue mapema, na marejesho yatategemea kama ndege ilikuwa na viti vitupu. Watu waliokuwa wanasafiri bila hofu wakaanza tena kuhesabu. Haki inayotegemea ukarimu wa kampuni hudumu mpaka kampuni ibadili mawazo.

Mimi niko upande wa Kanada kwa ndege kubwa. Kwa ndege ndogo sina ugomvi na anayesema uzito una gharama, ilimradi aseme wazi kabla sijalipa, amtoze mwanamume na mwanamke kwa kipimo kimoja, na ahesabu mwili pamoja na begi kwa wote, na siyo kwa yule tu anayemkera machoni.

Na kuhusu kutangaza namba, hilo halina mjadala wa gharama hata kidogo. Mwaka 2023 Air New Zealand iliwapima abiria zaidi ya 10,000 ili kupata wastani mpya. Namba haikuonekana kwa abiria wala kwa mfanyakazi aliyesimama pale, ilikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta bila jina. Finnair nayo ilipima abiria wa kujitolea Helsinki mwaka 2024, bila kuunganisha namba na jina la mtu. Sisi hatuhitaji hata kompyuta. Mizani ya kaunta ile niliyoipanda ina kioo kidogo juu ya mguu wa chuma, na mguu ule unazunguka. Ilipofika zamu yangu nilimwomba yule kijana akigeuzie kwake na namba amwandikie mwenzake kwenye karatasi. Akanitazama kidogo, kisha akakigeuza. Waliokuja nyuma yangu, hata yule bwana, walipimwa bila mtu kusikia kilo zao. Mama wa halua alikuwa ameshapimwa.